Siku Saba Bila Kunung'unika

Wiki jana tulimwacha Mwalimu Pacifique amesimama katikati ya nyumba yake hapa Kasongo, mkononi ameshika jalada la kaye yake ya matayarisho, lile daftari analoandalia masomo. Jalada tu. Kurasa zilikuwa tumboni mwa mbuzi.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa karanga kabla hajalisoma, mambo yako hivi. Mkewe Aurélie, muuguzi, alipelekwa Kabambare miezi mitatu kushika nafasi ya mkunga aliyekwenda kujifungua. Pacifique akabaki na binti yao Esther-Divine, miaka tisa, na mapacha wa miaka minne, Aristote na Malaika, ambao wakinyamaza ndipo mtu anapaswa kuogopa. Wiki ya pili upepo uling'oa mabati ya darasa lake, la tano, watoto tisini na wawili. Wiki ya nne ikafika barua kwamba inspekta wa shule atapita. Wiki ya sita, mbuzi.

Na jina lake ndilo hilo, Pacifique, mtu wa amani. Mama yake alimpa kwa sababu alizaliwa bila kulia. Inaonekana machozi yale alijiwekea akiba hadi alipofika miaka thelathini na minane.

Ambacho hatukusema wiki jana ni alichofanya Pacifique mbuzi alipokwisha kuondoka.

Esther-Divine ndiye aliyeacha mlango wazi. Aliuacha wazi kwa sababu alikimbilia maji kisimani, na alikimbilia maji kwa sababu mapacha walikuwa wamemimina mafuta ya mawese ndani ya pipa la maji ya kunywa. Pacifique hakuuliza habari za pipa wala za mafuta. Alimgeukia mtoto, akasema kwa sauti iliyowafanya majirani waache kutwanga:

"Kama singekuwa na ninyi, ningepumua."

Esther-Divine hakulia. Aliweka ndoo chini polepole ili maji yasimwagike, akakunja mkeka wake, akavuka uwanja, akaingia kwa Mama Mwamvita, jirani yao anayeuza maandazi. Hakurudi kulala siku hiyo. Siku ya pili pia hakurudi.

Siku mbili zile Pacifique alitembea kama mtu aliyevaa shati lake la ndoa miaka kumi baadaye. Kifua kilimbana, na kila alipofumba macho aliona ule mkeka ukikunjwa. Jumamosi alasiri akaenda kanisani kuungama.

Kulikuwa na mama wazee watatu mbele yake, na kila mmoja alikaa ndani muda mrefu kuliko alivyodhani mama mzee anaweza kuwa na dhambi. Zamu yake ilipofika alipiga magoti mbele ya Padri Élysée, akaanza na upepo. Kutoka kwenye upepo akaenda kwenye mabati, kutoka kwenye mabati akaenda kwenye barua ya inspekta. Alieleza ubovu wa barabara ya Kabambare, na rezo ya simu inayokatika kila Aurélie anapofika kwenye neno la maana. Akamalizia na mbuzi, na mwenye mbuzi, ambaye hakuja hata kuomba radhi.

Padri alisikiliza yote bila kumkata.

"Mwalimu," akasema mwishoni, "hizo ni dhambi za upepo na za mbuzi. Za kwako ziko wapi?"

 Pacifique akasema lile neno alilomwambia mtoto wake, akasimulia na habari ya mkeka. Akakiri kwamba hajui tena kusali. Anasali asubuhi, anasali jioni, anamwambia Mungu kila kitu, kimoja kimoja, bila kuruka. Akinyanyuka, magoti yanamuuma na kifua kiko vilevile.

Padri akamwambia kwamba amekuwa akimsikia akisali kabla ya mazoezi ya kwaya, maana sauti yake si ndogo, na anasali kama mtu anayepeleka ripoti ofisini. Anaisoma ripoti hadi mwisho, anafunga faili, halafu anaondoka nayo kwapani. Hata siku moja hajaiacha mezani.

Akampa malipizi. Siku saba asinung'unike. Lalamiko likifika mdomoni, alimeze, atafute kitu kimoja ambacho macho yake yanakiona saa hiyo hiyo, na amshukuru Mungu kwa sauti. Akikosea, anaanza tena siku ya kwanza.

Pacifique aliuliza kama hawezi kupewa rozari kumi badala yake. Padri akajibu kwamba rozari kumi angezimaliza kabla ya jua kuzama huku akiwaza mabati. Pacifique akauliza basi ni nani atakayemhesabia siku.

"Unamjua," Padri akasema.

Alimkuta Esther-Divine kwa Mama Mwamvita, anageuza maandazi kwenye mafuta. Pacifique alichuchumaa kando ya jiko, suruali ya kanisani na yote, moshi ukamwingia machoni, jambo lililomsaidia.

"Mutoto wangu, ile maneno nilisema haikuwa ya kweli. Mimi napumua sababu muko. Unisamehe."

Esther-Divine aligeuza maandazi mawili zaidi kabla ya kujibu. Aliposikia habari ya malipizi, akauliza kama atakuwa na ruhusa ya kumwambia baba yake amekosea. Akajibiwa ndiyo. Akauliza kama hata mbele ya watu.  Ndiyo, hata mbele ya watu.

Mama Mwamvita, aliyekuwa akikanda unga na kujifanya hasikii, alicheka hadi kitambaa cha kichwani kikamlegea.

"Ninyi munapewa hiyo kama azabu?" akauliza. "Sisi tunasema alhamdulillahi toka asubuhi mupaka magaribi, na hatujakosea mutu."

Pacifique alikuwa na jibu la kumpa, na jibu lilikuwa refu. Esther-Divine akamtazama. Pacifique akavuta pumzi.

"Namshukuru Mungu kwa Mama Mwamvita," akasema, meno yamekazana kidogo.

Jioni ile mkeka ulirudi nyumbani.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumapili, na haikufika hata kwenye chai. Malaika alikuwa amemvisha kuku shati la kwaya la baba yake, na kuku alikuwa ametembea nalo. Pacifique akafungua mdomo, akasema, "Hii nyumba..."

"Papa," Esther-Divine akasema.

Pacifique akajitetea kwamba sentensi ilikuwa haijakwisha. Mtoto akajibu kwamba alijua inakwenda wapi. Basi, siku ya kwanza ikahamia Jumatatu. Pacifique akauliza kama saa zilizobaki za Jumapili ziko huru, anaweza kunung'unika anavyotaka. Esther-Divine alifikiri kidogo, akakataa.

Kanisani, ambako yeye ndiye anayeongoza kwaya, mambo yalikuwa magumu zaidi. Katikati ya wimbo wa matoleo, sauti ya tatu iliteleza kama kawaida yake. Pacifique akasimamisha mikono hewani, uso umemjaa damu, watu wote wakangoja tusi. Akaangaza huku na huku.

"Namshukuru Mungu kwa dirisha lile," akasema.

Kwaya nzima ikageuka kutazama dirisha.

Kufika Jumatatu asubuhi habari ilikuwa imezunguka soko lote. Wengine walisema kichwa cha mwalimu kimeguswa kwa sababu mke hayuko. Wengine walisema ameingia kanisa la wapiga kelele. Mwenye mbuzi aliposikia, alikuja mbio kuomba radhi, na akaleta kaye mpya isiyoandikwa kitu, kwa hofu kwamba mambo yale yalianzia kwa mnyama wake. Pacifique alimshukuru Mungu kwa kaye ile kwa moyo mmoja, na kwa mara ya kwanza hakulazimika kutafuta.

Lakini Jumatatu hiyo hiyo, saa nne, mjumbe akaleta neno kwamba inspekta anafika Alhamisi. Siku tatu. Kaye ya mwaka mzima haiandikwi kwa siku tatu na mtu anayepika, anayefua na anayetenganisha mapacha.

"Sasa mimi nitaweza namna gani na kazi kama hii, kila siku mimi, kila siku mimi?" akasema mbele ya darasa.

Darasa lisilo na bati halizuii sauti. Esther-Divine alikuwa darasa la nne, ng'ambo ya ukuta. Juu ya ukuta ukatokea mkono mdogo, kidole kimoja kimesimama. Siku ya kwanza, tena.

Alasiri walikwenda kijitoni kufua, yeye, Esther-Divine na mapacha. Wanawake waliokuwepo walikuwa wameshazoea kumwona, na walikuwa na desturi ya kumcheka kwa namna anavyokamua nguo kama mtu anayemnyonga kuku. Alifua shuka, mashati, kaptula nne za mapacha. Akajaza beseni, akaliweka kichwani, akaanza kupanda mteremko. Mvua ilikuwa imepita saa sita mchana, na udongo wa pale ukilowa haumjui mwalimu.

Mguu wa kushoto ulikwenda zake. Beseni likaenda zake. Pacifique akakaa chini katika tope, na nguo zote, moja moja, zikatua kuzunguka kama vile zimeamua kukaa naye.

Wanawake hawakucheka. Hilo ndilo lilikuwa baya. Mtu akianguka na watu wa Kasongo wasicheke, ajue hali yake inaonekana.

Esther-Divine alisimama kando na sabuni mkononi, anamngoja. Pacifique akatafuta kitu cha kushukuru. Aliona tope. Aliona beseni limepinduka. Aliona mapacha wamekaa juu ya shuka jeupe, wanafurahi. Kila alichokiona kilihitaji kufuliwa.

Akaacha kutafuta.

"Mungu," akasema, si kwa ile sauti yake ya ripoti, "leo sina. Nimetafuta, sina. Nimechoka. Beba wewe."

Hakuna sauti iliyotoka mbinguni. Mwanamke mmoja alikohoa, mwingine akasuuza sufuria. Kilichotokea kilikuwa kidogo sana na hakuna aliyekiona. Pacifique alivuta pumzi, na pumzi ikashuka hadi chini. Wiki sita ilikuwa ikiishia njiani. Akavuta nyingine, nayo ikashuka. Machozi yakamtoka bila kelele, na hakuyafuta, maana mikono yote ilikuwa tope.

Mabati hayakurudi. Kaye ilikuwa bado nyeupe, na Aurélie alikuwa bado Kabambare. Ila Pacifique alijua, kwa namna anavyojua kwamba jiwe ni gumu, kwamba hayuko peke yake chini ya mzigo ule, na kwamba pengine hakuwahi kuwa peke yake hata siku moja. Alikuwa amelifundisha jambo hilo katika katekisimu kwa miaka kumi na moja. Alikuwa hajalisikia.

Kisha akakumbuka malipizi, akamwinulia binti yake macho. Alikuwa amesema amechoka. Mbele ya watu.

Esther-Divine alichukua muda wake.

"Ile haikuwa kunung'unika, Papa," akasema. "Ile ilikuwa kusali."

Mwanamke aliyekohoa akapanda mteremko, akaokota mashati mawili. Mwingine akawanyanyua mapacha kutoka kwenye shuka. Muda si muda wanawake watano walikuwa wanafua upya nguo za Mwalimu Pacifique, na walipoona anakuja kusaidia walimwambia akae pembeni, anachelewesha kazi. Mmoja akamuuliza kwa nini wiki zote hizi hakusema kitu. Pacifique akajibu ukweli, kwamba hakutaka watu waseme Aurélie amemwacha mwanaume asiyeweza. Wakamhakikishia kwamba watu walikuwa wameshasema hivyo tangu wiki ya kwanza, kwa hiyo asijisumbue.

Alicheka. Alicheka hadi mapacha wakaogopa.

Toka siku hiyo mambo yalienda tofauti, ingawa si kwa muujiza. Aliomba, na aliposhaomba alipewa. Mama Mwamvita alikubali kukaa na mapacha asubuhi, kwa sharti kwamba Malaika asiguse unga. Waimba besi wawili wa kwaya walikuja kutazama kuta za darasa na kuahidi miti ya paa. Sala ya asubuhi ikawa fupi. Alisema kinachomuuma, akasema amekiacha hapo, akainuka. Mara nyingine alifika mlangoni akagundua bado anakibeba, akarudi, akakiacha tena. Lakini alirudi bila kujikasirikia, akicheka kidogo, kama mtu aliyesahau kofia.

Jumanne ikapita bila kosa, ikawa siku ya kwanza ya kweli. Jumatano, siku ya pili. Alhamisi akafika inspekta.

Alikuja nyuma ya pikipiki, shati jeupe, na mgongoni mwa shati mstari wa tope uliopanda kutoka kiunoni hadi kwenye kola. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Alisalimia kwa kichwa, akaingia darasani, akatazama juu mahali ambapo bati lilipaswa kuwa, akaona mbingu, akaandika kitu.

Akauliza kaye ya matayarisho iko wapi.

"Mbuzi ilikula, Bwana Inspekta," Pacifique akasema.

Watoto hawakucheka. Walitikisa vichwa, vichwa tisini na viwili, kwa huzuni ya watu waliokuwepo. Pacifique akampa lile jalada. Inspekta akaligeuza, akaona alama za meno, akalirudisha. Akavuta kalamu, na ilionekana wazi kwamba anachotaka kuandika si kizuri.

Hapo matone yakaanza. Watoto hawakungoja amri. Kila siku ya mvua walifanya hivyo hivyo, na kila mmoja alijua benchi lake. Waliinua mabenchi wakakimbia kuelekea kanisani, na inspekta, ambaye alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho, alijikuta amesimama ameshika ncha moja ya benchi, anakimbia na wenzake.

Ndani ya kanisa hakukuwa na ubao wala chaki. Pacifique alisimama mbele ya watoto wake waliolowa, na mbele ya mtu anayeweza kumwondolea kazi, na akangoja hofu ije. Ilikuja. Akaitazama, akaiacha ikae pale benchini pamoja na wengine.

"Namshukuru Mungu kwa paa hili," akasema kwa sauti. Inspekta akainua kichwa, akashusha.

Somo la siku lilikuwa robo na nusu. Pacifique akawagawa watoto mafungu manne, ishirini na watatu kila fungu, kama anavyogawa sauti za kwaya, akawafundisha mstari mmoja mfupi wa wimbo. Fungu moja likaimba. Akauliza ni nani walioimba. Robo ya darasa, wakajibu. Mafungu mawili yakaimba, sauti ikanenepa. Nusu. Matatu. Robo tatu, na kila mtoto alisikia kwa masikio yake kwamba robo moja imekosekana. Kisha yote manne pamoja, na kanisa likajaa hadi kwenye mbao za dari.

Katika kujaa huko ikasikika sauti nzito ambayo si ya mtoto.

Pacifique akasimamisha mikono. Kimya. Binti mmoja mwembamba wa fungu la nne akanyoosha kidole, akaomba ruhusa ya kusema.

"Mwalimu, Bwana Inspekta akiimba na sisi, robo haziko sawa tena."

 Inspekta alitazama mkono wa yule binti, akatazama fungu lake, akahesabu kwa macho. Kisha akakubali kwamba ni kweli, akahama, akakaa peke yake kwenye benchi la wazee wa kanisa.

Mvua ilipokatika aliondoka bila kuagana sana. Karatasi aliyoiacha ilikuwa na mistari miwili. Pacifique aliisoma mara tatu ndipo akamsomea Esther-Divine. Mstari wa kwanza ulisema mwalimu hana kaye, na aiandike. Wa pili ulisema watoto wanaijua robo.

Ijumaa, siku ya nne. Jumamosi. Jumapili, na sauti ya tatu iliteleza tena, na watu wengine katika kwaya wakageuka wenyewe kutazama dirisha.

Jumatatu ilikuwa siku ya saba. Malipizi yangekwisha kengele ya jioni ikilia, na Esther-Divine hakumwachia nafasi, alimfuata nyuma toka alfajiri. Pacifique alipika wali. Aliuandika ukurasa wa ishirini wa kaye mpya huku Aristote amelala mapajani pake. Hakuwa anahesabu saa. Alikuwa ametulia kweli, na alijishangaa, kama mtu anayejipapasa mfukoni na kukuta kitu ambacho hakukiweka.

Saa kumi alasiri pikipiki ikaingia uwanjani. Aliyeendesha alikuwa Kamaldine, ambaye kazi yake ni njia ya Kabambare, kwenda na kurudi, na ambaye huwa analeta barua na salamu. Safari hii alileta zaidi. Nyuma yake, tope hadi magotini, mfuko mdogo mgongoni, alikaa Aurélie.

Ilikuwa bado wiki tano miezi mitatu itimie.

Mapacha walimrukia kabla hajashuka, pikipiki nzima karibu ianguke. Esther-Divine alisimama mbali kidogo, akamwacha mama yake amwone alivyokua, kisha naye akakimbia. Pacifique alishika mfuko, kwa sababu alitaka kushika kitu. Aurélie alitazama uwanja uliofagiwa. Alitazama sufuria, watoto, mume. Akasema njia nzima alijiandaa kukuta nyumba imeanguka.

Walikula wote, na Kamaldine alikaribishwa naye akakaa. Esther-Divine ndiye aliyesimulia, toka mbuzi mpaka inspekta, na kuhusu mkeka alisema tu kwamba alilala kwa Mama Mwamvita kidogo. Pacifique akamsahihisha, akasema kilichotokea, chote. Aurélie alimshika mkono mtoto. Kwenye sehemu ya kuku na shati la kwaya alicheka hadi akafuta macho. Kicheko kiliisha, na yeye akaendelea kufuta macho.

Pacifique aliona. Wiki mbili zilizopita asingeona. Akasogeza sahani, akamuuliza kuna nini.

Aurélie alianza kwa mbali. Yule mkunga hatarudi, mume wake amemchukua kwenda Salamabila kwenye dhahabu. Kituo cha afya kimebaki bila mtu. Kwa wiki hizi amepokea watoto arobaini na mmoja, na wanawake wengine walitembea siku mbili na uchungu wao kumfuata. Wakubwa wa kazi walimwita, wakamwomba abaki.

"Nilisaini, Papa Esther," akasema. "Miaka miwili."

Hakuna aliyetafuna. Hata mapacha walinyamaza, na mnajua maana yake.

Pacifique alihisi kile kitu kikisogea kifuani, kile kile, kinatafuta mahali pake pa zamani. Maneno yalishafika nyuma ya meno, maneno mengi, na kila moja lilikuwa na haki yake. Esther-Divine alikuwa anamtazama, lakini hakuinua kidole. Kengele ilikuwa bado haijalia.

Pacifique akamwacha yule mgeni wa kifuani apite. Akavuta pumzi hadi chini. Kilichokuwa mbele ya macho yake ilikuwa mikono ya mke wake juu ya meza, ngozi imepasuka kwa sabuni na maji ya moto, mikono iliyopokea watu arobaini na mmoja.

"Namshukuru Mungu kwa mikono hii," akasema, na alipokuwa akilisema akakuta ni kweli, mwanzo hadi mwisho. "Mengine tutayaona pamoja. Na Yeye."

Aurélie alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba anayoijua na kufunguliwa na mtu mwingine. Kisha akaiondoa mikono yake mezani, polepole.

"Ngoja kwanza kushukuru," akasema. "Hiyo ilikuwa ile habari ndogo."

Kamaldine, ambaye ile habari kubwa aliijua toka Kabambare, akachukua sahani yake, akatoka kumalizia wali wake nje.